Mjumbe hauawi: majibu ya barua zenu kuhusu Natividad Llanquileo

Toleo lililopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, habari za Natividad Llanquileo, wakili wa Kimapuche, yaani wa watu wa asili wa kusini mwa Chile. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba sentensi mbili hazikutosha. Nimechagua nne.

*Mwalimu, shikamoo. Ulimtaja huyo Natividad halafu ukaenda zako. Ni nani hasa? Na mtoto wa kijijini aliingiaje kwenye siasa za nchi bila mlango wa chama?*
*Msomaji wa siku nyingi*

Marahaba. Alizaliwa mwaka 1984 Puerto Choque, katika wilaya ya Tirúa, kando ya ziwa Lleu Lleu, mahali ambapo bahari ya Pasifiki haiko mbali. Ili umwelewe, itabidi kwanza upande basi nami.

Mwaka 2010 nilikuwa naishi Concepción, nikisoma Kihispania na kujifunza kazi ya ukalimani. Mji ulikuwa bado na nyufa za tetemeko la Februari mwaka huo, na daraja la zamani la mto Biobío lilikuwa limelala majini vipande vipande. Siku moja ya mvua nilipanda basi la kwenda Cañete na kuendelea kusini hadi Tirúa. Mto ule ukishauvuka, wenyeji watakwambia umeingia upande mwingine, nao wana sababu. Mwaka 1641, kwenye mkutano wa Quilín, Wahispania walikubali kwamba Biobío ndio mpaka, na kusini yake ni nchi ya Wamapuche. Mpaka huo ulidumu zaidi ya miaka mia mbili. Aliyeuvunja ni jeshi la Chile huru, kati ya 1861 na 1883. Baada ya hapo jamii zilizobaki zikapewa hati za ardhi, kama 3,000 hivi, ambazo kwa jumla zilifikia takriban hekta 500,000. Kwa watu waliokuwa wakichunga na kulima kutoka milimani hadi baharini, hicho kilikuwa kipande.

Basi lilikwenda saa nyingi, na dirishani niliona kitu kimoja tu: misonobari, halafu mikaratusi, halafu misonobari tena. Yote ya urefu mmoja, yote kwenye mistari iliyonyooka kama ya daftari. Malori ya magogo yalitupita mpaka vioo vikatikisika. Mama mmoja aliyekaa ubavuni mwangu, na kikapu cha mayai magotini, alinyanyua kidevu kuelekea bondeni na kusema, "Pale palikuwa na chemchemi." Hakuongeza neno. Miti hiyo ilienea kwa kasi baada ya Amri ya Serikali namba 701 ya mwaka 1974, wakati wa dikteta Pinochet, ambapo serikali ililipa sehemu ya gharama kwa yeyote aliyepanda. Kampuni kubwa zikapanda, na mashina yakafika hadi kwenye ua wa nyumba za watu. Sasa jamii inadai ardhi ambayo babu aliijua kwa majina ya mawe yake, na mwenye karatasi ni mwingine. Huo ndio ugomvi alimozaliwa Natividad.

Oktoba 2008, usiku, msafara wa mwendesha mashtaka mmoja na polisi aliofuatana nao ulishambuliwa kwa risasi huko huko Puerto Choque. Watu walijeruhiwa. Kati ya walioshtakiwa kwa tukio hilo alikuwamo kaka yake, Ramón. Kesi ikaendeshwa kwa kutumia Sheria ya Ugaidi, namba 18.314, iliyotungwa mwaka 1984, mwaka ule ule aliozaliwa Natividad, na udikteta ukiwa bado madarakani. Sheria hiyo ilimruhusu mwendesha mashtaka kumweka mtu rumande muda mrefu na kuleta mashahidi ambao mshtakiwa hajui sura wala jina lao.

Tarehe 12 Julai 2010, wafungwa wa Kimapuche katika magereza kadhaa ya kusini, zaidi ya 30, wakagoma kula. Walikuwa na madai ambayo hata mtoto angeyaelewa: msitushtaki kama magaidi, na msitushtaki mara mbili, mara mahakama ya raia na mara mahakama ya jeshi, kwa jambo moja. Walihitaji mtu wa kusimama nje ya lango na kusema yale waliyoyasema ndani. Aliyesimama ni Natividad. Alikuwa na miaka 25, mwanafunzi wa sheria.

Nakumbuka televisheni ya mahali nilipopanga. Tangu tarehe 5 Agosti nchi nzima ilikuwa imeinamia shimo la mgodi wa San José, kaskazini, walikofukiwa wachimbaji 33. Kila usiku tulihesabu nao siku. Wafungwa wa kusini walikuwa wameanza kufa njaa wiki tatu kabla, na habari zao zilikuwa hazipati hata dakika. Kisha kidogo kidogo yule msichana akaanza kuonekana. Alizungumza polepole, bila kupandisha sauti. Alisema fulani amepungua kilo kadhaa, fulani hawezi tena kusimama, na madai yao ni yale yale. Mwandishi akimuuliza maoni yake binafsi, alirudi kwenye maneno ya waliomtuma. Mwenye nyumba wangu, ambaye hakuwapenda Wamapuche hata kidogo, alizima sauti ya birika ili amsikie.

Magazeti yalimwita msemaji. Wamapuche wana jina lao la kazi hiyo, la zamani sana: werkén. Zamani kiongozi wa ukoo, lonko, alimtuma werkén kwa lonko mwingine, na werkén alitakiwa kuubeba ujumbe kichwani neno kwa neno na kuutoa hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Sisi tungemwita mjumbe. Nasi tuna msemo kwamba mjumbe hauawi. Nilipokuwa nikimtazama, ndio uliokuwa ukinijia.

Askofu mkuu wa Concepción, Ricardo Ezzati, akawa mpatanishi. Mwanzoni mwa Oktoba, baada ya zaidi ya siku 80, wengi wakaanza kula, na wa gereza la Angol wakafuata siku chache baadaye. Serikali iliahidi kuacha kutumia Sheria ya Ugaidi katika mashtaka yake dhidi yao na kuirekebisha, na kuwaondoa raia kwenye mahakama za jeshi. Tarehe 13 Oktoba wachimbaji wakatolewa, na dunia ikashangilia.

Kwa hiyo kuhusu mlango. Wamapuche wengine waliingia kwenye siasa za Chile kwa mlango wa chama, na hawakuwa wachache. Venancio Coñoepán alikuwa waziri mwaka 1952. Francisco Huenchumilla, naye mwanasheria, amekuwa mbunge, waziri, meya wa Temuco na seneta, na alipoteuliwa kuongoza mkoa wa Araucanía mwaka 2014 aliwaomba Wamapuche msamaha kwa niaba ya dola. Ninamheshimu. Lakini Natividad aliingilia kwenye lango la gereza.

*Mwalimu, nipo mwaka wa tatu sheria. Tunafundishwa kwamba wakili asiwe na maslahi katika kesi. Sasa mtu ambaye kaka yake yuko kizimbani, akasome sheria, atetee watu wa kabila lake, huyo ni wakili au ni mwanaharakati aliyevaa joho?*
*Mwanafunzi*

Swali lako ni zuri na nimelikalia siku tatu. Kwanza tuweke mambo sawa: kesi ya kaka yake hakuisimamia yeye. Alikuwa bado mwanafunzi. Kaa nami uone kesi yenyewe ilivyokwenda, maana naamini ndiyo iliyokuwa darasa lake kubwa.

Mahakama ya jeshi iliwaachia huru washtakiwa kwa tukio lile la 2008. Mahakama ya raia ya Cañete, mwaka 2011, kwa tukio lile lile, ikawatia hatiani. Majaji wa Cañete walikataa kusema kwamba ni ugaidi, lakini ushahidi ulikuwa umekusanywa kwa njia za Sheria ya Ugaidi, akiwemo shahidi aliyefichwa. Kaka yake alipewa miaka 20. Wakagoma kula tena. Juni 2011 Mahakama ya Juu ikapunguza adhabu yake hadi miaka 8.

Hebu fikiria shahidi aliyefichwa maana yake nini kwa wakili. Mtu yuko nyuma ya pazia, sauti imebadilishwa na mtambo. Anasema alimwona mteja wako. Unataka kumuuliza: ulisimama wapi, wewe na mteja wangu mna ugomvi wa mpaka, je, umelipwa? Huwezi, kwa sababu hujui unaongea na nani. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, katika kesi ya Norín Catrimán na wenzake dhidi ya Chile, ilisema kwamba dola lilivunja haki za watu wanane waliohukumiwa chini ya sheria hiyo, na jambo la mashahidi waliofichwa lilikuwa mojawapo ya makosa. Ikaamuru hukumu zao zifutwe. Mahakama ya Juu ya Chile ilizifuta mwaka 2019. Watu hao walikuwa wamehukumiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mmoja wao alikuwa ameshakufa.

Sasa Natividad. Nchini Chile chuo kikikupa shahada ya sheria bado hujawa wakili. Unatakiwa kutumikia miezi sita katika ofisi ya msaada wa kisheria, bila mshahara, ukihudumia watu wasio na kitu. Halafu unakwenda Santiago, na anayekuapisha ni Mahakama ya Juu. Kwa hiyo binti wa Puerto Choque ilimpasa aape mbele ya mahakama ile ile iliyokuwa na neno la mwisho juu ya kaka yake. Akaapa. Baadaye akafanya kazi na CIDSUR, kituo cha utafiti na utetezi kinachowatetea Wamapuche mahakamani.

Unaniuliza ni wakili au mwanaharakati. Mimi nakuuliza kuhusu neno wakili lenyewe. Kabla halijawa cheo cha mtu mwenye joho, kwa Kiswahili wakili ni yule uliyemkabidhi jambo lako alisimamie kana kwamba ni wewe. Werkén anabeba maneno yako bila kuyapotosha, na wakili anabeba shauri lako bila kulitelekeza. Mtu aliyewahi kusimama nje ya gereza akihesabu kilo zinazowapungua wenzake, na akajizuia kuchanganya hasira yake na ujumbe wao, amejifunza nidhamu ambayo mhadhiri wako atapata taabu kukufundisha. Kanuni ya maslahi inakukataza kumuuza mteja kwa faida yako. Haikukatazi kujua kijiji chake.

Ila nitakupa tahadhari moja ya kweli. Wakili wa namna hii hubeba mzigo ambao wewe pengine hutaubeba, maana kila anachosema mahakamani kinasomwa kama tamko la kisiasa, na kila mteja wake anahukumiwa pamoja naye. Ukichagua njia hiyo, andika majalada yako kwa usafi mara mbili ya wenzako.

*Kwako Mwalimu. Nilisoma kwamba katiba mpya ya Chile, ambayo Natividad na wenzake waliiandika, ilikataliwa na watu 62 katika kila 100, tena huko kwao kusini ndiko walikoikataa zaidi. Sasa huoni kwamba walipoteza muda? Watu wenyewe hawakuwataka.*
*Baba wa familia*

Takwimu zako ni sahihi, ndugu yangu, na katika Araucanía waliosema hapana walizidi 70 katika kila 100. Sitakuficha kwamba usiku ule wa tarehe 4 Septemba 2022 uliniuma. Lakini tuanzie mwanzo.

Baada ya maandamano makubwa ya Oktoba 2019, ambamo bendera ya Wamapuche ilipepea kwenye viwanja vya Santiago kuliko ya chama chochote, Wachile walipiga kura Oktoba 2020 na karibu 78 katika kila 100 wakataka katiba mpya badala ya ile ya Pinochet ya 1980. Likaundwa bunge la katiba la watu 155. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, viti 17 vilitengwa kwa ajili ya watu wa asili: 7 vya Wamapuche, 2 vya Waaymara, na kimoja kimoja kwa jamii nyingine nane. Uchaguzi ulifanyika kwa siku mbili, 15 na 16 Mei 2021, kwa sababu ya korona. Kimoja cha viti saba alikipata Natividad Llanquileo, cha pili wakili mwenzake Rosa Catrileo, kingine machi, yaani mganga na kiongozi wa ibada, Francisca Linconao, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kushtakiwa kwa Sheria ya Ugaidi na kuachiwa huru.

Angalia Kiswahili kinavyotusaidia hapa. Aliyekuwa mjumbe wa wafungwa sasa ni mjumbe wa bunge la katiba. Kwetu ni neno lile lile.

Siku ya kwanza, tarehe 4 Julai 2021, walimchagua Elisa Loncón, mwanaisimu wa Kimapuche, kuwa rais wa bunge hilo, naye akaanza kwa kuwasalimia kwa Kimapudungun, lugha ya Wamapuche, kwenye viwanja vya jengo la zamani la Bunge la Taifa. Nilikuwa natazama kwenye simu, na nilisimama jikoni mwangu kama mtu aliyeingiliwa na mgeni wa heshima.

Rasimu ilitoka na ibara 388. Ilisema Chile ni nchi ya mataifa mengi ndani ya dola moja. Ilisema taratibu za kisheria za watu wa asili zitatambuliwa sambamba na mahakama za nchi, kwa sharti la kuheshimu haki za msingi, na Mahakama ya Juu ndiyo itakayosikiliza pingamizi dhidi ya maamuzi yake. Kwa mtu aliyetoka Puerto Choque hilo halikuwa jambo la vitabuni.

Kwa nini ikakataliwa? Kura ilikuwa ya lazima, na zaidi ya watu milioni 13 walipiga. Uongo ulisambazwa sana, kwamba nyumba zitachukuliwa na nchi itakatwa vipande. Lakini sitawasingizia Wachile ujinga. Kusini wakati huo kulikuwa na moto wa malori, watu waliouawa pande zote, na wanajeshi barabarani kwa amri ya hali ya hatari. Mkulima mdogo anayeogopa usiku hawezi kusomewa neno "mataifa mengi" akatulia. Nadhani waandishi wa rasimu, na hapa nawasema wote, waliamini kwamba wakishakubaliana wao kwa wao basi watu wamekubali. Ibara 388 ni nyingi mno kumfikia mtu aliyechoka na kazi. Walipewa mwaka mmoja tu kuandika, na miezi miwili watu waisome.

Unasema watu wenyewe hawakuwataka. Kumbuka kwamba Araucanía si ya Wamapuche peke yao. Humo kuna wazao wa walowezi, wafanyabiashara wa Temuco, wafanyakazi wa misitu, na hata Wamapuche wenyewe hawana kauli moja. Sensa ya 2017 ilihesabu Wamapuche takriban milioni 1.7, na wengi wanaishi mijini, Santiago kwanza. Kura ya mkoa haiwezi kukuambia ya ukoo.

Mwaka 2023 wakajaribu tena, safari hii kwa baraza la watu 50 na kiti kimoja tu cha watu wa asili. Aliyekipata ni Mmapuche na mwanasheria pia, Alihuén Antileo. Kutoka viti 17 hadi kimoja, hayo ndiyo waliyolipishwa kwa kushindwa. Baraza hilo lilitawaliwa na mrengo wa kulia, na rasimu yake nayo ikakataliwa tarehe 17 Desemba 2023, kwa karibu 56 katika kila 100. Kwa hiyo mpaka leo Chile inaendeshwa kwa katiba ya 1980 yenye viraka vyake, isiyo na ibara inayowatambua watu waliokuwapo kabla ya dola.

Kupoteza muda? Mwaka 2010 alilazimika kugombania dakika za kamera na shimo la wachimbaji. Mwaka 2021 alikuwa na kipaza sauti mezani kwake na haki ya kupiga kura. Mtu aliyeona vyote viwili hawezi kukubaliana nawe, na mimi niliviona.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nataka kujua majina tu. Tuseme Mapuche au Wamapuche? Na hilo jina lake linatamkwaje?*
*Binti wa kidato cha nne*

Marahaba mwanangu. *Mapu* ni ardhi, *che* ni watu, hivyo Mapuche tayari ni "watu wa ardhi", na ukisema Wamapuche umesema watu mara mbili. Lakini Kiswahili kina adabu yake, watu lazima wapate wa- yao, nami naandika Wamapuche bila kusita. Lugha yao ni Kimapudungun, na *dungun* ni kusema, kwa hiyo ni usemi wa ardhi. Wale wa milimani wanaokula mbegu za mti wa pewen huitwa Pewenche. Wa kwao Natividad ni Lafkenche, kwa sababu *lafken* ni bahari au ziwa. Watu wa pwani, basi. Wewe unajua lugha nyingine iliyopata jina lake pwani.

Salamu yao ni *mari mari*, na *mari* ni kumi. Nilielezwa kwamba ni vidole vyangu kumi na vyako kumi. Mwanamke humwita mwenzake, wa kike au wa kiume, *lamngen*, ndugu.

Jina lake litamke *Lyankileo*. Herufi mbili za *ll* mwanzoni ni kama *ly*, na *qu* ya Kihispania ni *k*. Ile *leo* ya mwisho utaikuta kwenye majina mengi ya huko, kama Curileo, mto mweusi. Inatokana na *lewfü*, mto.